Kuongeza RAM: Dawa ya Kweli, lakini ya Ugonjwa Mmoja

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa Kariakoo na Luthuli Avenue wamekuwa wakiulizwa swali lilelile. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, inayochukua dakika kadhaa kuwaka na kuganda faili ya pili inapofunguliwa, iongezewe RAM au iachwe? Majibu hayapatani. Fundi mmoja atasema weka RAM ya 8GB, shida itakwisha. Wa pili atasema RAM haina kosa, diski ndiyo imechoka. Wa tatu atashauri kufuta programu zisizotumika na kubadili mfumo endeshi. Wa nne, ambaye aghalabu ndiye mwenye duka, atasema mashine hiyo imekwisha, chukua nyingine. Kila mmoja anaye mteja aliyeondoka ameridhika, na hilo ndilo linalozidisha mkanganyiko, kwa sababu wote wanne huwa wamesema kweli kwa mashine fulani.

Juu ya hayo, bei za RAM duniani zilianza kupaa kwa kasi miezi ya mwisho ya mwaka 2025. Jambo lililokuwa la gharama ndogo, ambalo mtu angeweza kulijaribu bila kufikiri sana, limekuwa uamuzi wa kupigiwa hesabu. Na hesabu hiyo haiendi bila kukubali jambo moja ambalo wauzaji hawalitilii mkazo: RAM huongeza nafasi ya kufanyia kazi, haiongezi kasi. Mashine iliyobanwa na nafasi itafufuka. Iliyobanwa na kitu kingine haitabadilika hata ikijazwa sloti zote.

Kinachotokea RAM inapojaa

Programu inapofunguliwa hutolewa kwenye diski na kuwekwa kwenye RAM, na prosesa huifanyia kazi humo. Muundo wa RAM tunaoutumia hadi leo ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968: kila biti hushikwa na transista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo ni ndogo mno na chaji yake huvuja, ndiyo maana kila safu huhuishwa upya kila baada ya milisekunde 64 au pungufu, mfululizo, muda wote umeme upo. Umeme ukikatika kila kitu hupotea. Aliyewahi kukatikiwa umeme wakati wa mgao akiwa katikati ya barua asiyoihifadhi analijua hilo bila kusomea uhandisi.

La kuzingatia zaidi ni tofauti ya muda. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde 10 hivi kufikisha kichwa chake mahali data ilipo, yaani mara laki moja zaidi. SSD ya kawaida hutumia kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Ni nyepesi sana mbele ya diski, lakini bado iko nyuma ya RAM kwa takriban mara elfu moja.

RAM ikijaa, Windows haisimami. Huchukua data ambayo haijaguswa kwa muda, ikaihamishia kwenye faili maalumu ndani ya diski, kisha ikairudisha inapohitajika. Mpango huu ni wa busara maadamu kuhamahama kunatokea kwa nadra. Kukizidi, prosesa hubaki ikingoja diski, taa ya diski huwaka bila kupumzika na kipanya huanza kurukaruka kwenye skrini. RAM ya ziada huiondoa hali hii kabisa. Lakini mashine ambayo haikuwa na kuhamahama haina cha kuondolewa, na kumbukumbu utakayoiongeza itafanya kazi ndogo tu ya kutunza akiba ya faili zilizokwisha kusomwa.

Nani amekula 4GB zilizokuwa zikitosha?

Windows XP ya mwaka 2001 ilikubali kuwekwa kwenye mashine yenye MB 64. Windows 7, mwaka 2009, ilitaka GB 1. Windows 11 ya mwaka 2021 inataka GB 4, mara 64 ya ile ya XP ndani ya miaka ishirini. Hata hivyo mfumo endeshi si mlaji mkuu tena. Mlaji mkuu ni kivinjari, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa sababu watu hudhani ni uzembe wa watengenezaji peke yake.

Chrome ilipotoka mwaka 2008 iliamua kuvitenga vichupo, kila kimoja na mchakato wake, ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe vingine. Kila mchakato huja na mzigo wake wa kumbukumbu. Mwaka 2018, baada ya kugundulika udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, ambao ungeweza kuruhusu tovuti moja kuchungulia data ya nyingine, Google iliongeza utenganisho mkali zaidi baina ya tovuti na tovuti, na ikakiri wazi kwamba ungepandisha matumizi ya RAM kwa asilimia 10 hadi 13. Kwa hiyo sehemu ya RAM inayolalamikiwa ni gharama ya usalama wa nywila zetu za benki. Anayerudi kwenye kivinjari cha zamani ili kuokoa RAM anajiweka pabaya zaidi.

Sehemu nyingine haina utetezi mzuri hivyo. Slack, Discord na Visual Studio Code zimejengwa juu ya Electron, kifurushi kinachobeba kivinjari kizima ndani yake. Humrahisishia mtengenezaji, kwa kuwa anaandika programu mara moja ikafanya kazi kwenye mifumo yote, na gharama inahamia kwa mtumiaji. Mtu anaona programu tatu ndogo. Kompyuta inaona vivinjari vitatu. Mhudumu wa steshenari mjini Mwanza anayewajazia wanafunzi fomu za mkopo, au wa saiba mjini Nakuru anayewasilisha ritani za kodi kupitia iTax, hafanyi kazi nzito kwa maana ya zamani. Lakini ana vichupo kumi na tano, faili mbili za PDF na WhatsApp ya mezani, na GB 4 zimekwisha kabla mteja wa pili hajaketi.

Hoja ya kwanza: weka RAM

Nguvu ya hoja hii ni urahisi wake. Boksi ambalo wengi wetu huliita CPU hufunguliwa, kipande huingizwa kwenye sloti, boksi hufungwa. Hakuna faili inayoguswa, hakuna Windows ya kuweka upya, na kisipofaa huchomolewa kikarudishwa dukani. Hatua ya kutoka GB 4 kwenda 8 ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu huitoa mashine kwenye kuhamahama kwa kudumu na kuifikisha kwenye kuhamahama kwa nadra. Kutoka 8 kwenda 16 humfaa anayefungua vichupo vingi pamoja na majedwali makubwa au anayehariri picha. Zaidi ya 16 ni eneo la wahariri wa video, wachoraji wa ramani za majengo na wanaoendesha kompyuta pepe. Ofisi ya kawaida inayonunua GB 32 kwa ajili ya barua na malipo imedanganywa, au imejidanganya.

Udhaifu wa hoja uko kwenye masharti, na masharti ni mengi kuliko wanunuzi wanavyodhani. La kwanza ni kizazi. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, DDR5 nayo ina pini 288 lakini volti 1.1, na pengo lake limekaa mahali tofauti ili isiingie kwenye sloti ya DDR4. Mazabodi iliyotengenezwa kwa kizazi kimoja haipokei kingine. Jina la kompyuta nalo si ushahidi wa kutosha. Dell ilitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, mashine ya DDR3 iliyojaa kwenye soko la mitumba, halafu mwaka 2023 ikatoa mashine nyingine kabisa na kuipa namba ileile ya 7010. Anayeagiza RAM kwa kusoma kibandiko cha mbele peke yake anaweza kuletewa kisichoingia.

Sharti la pili ni umbo. Mashine ndogo zinazobanwa nyuma ya skrini, kama ThinkCentre Tiny za Lenovo na OptiPlex Micro, ni kompyuta za mezani kwa jina, lakini hutumia vipande vifupi vya RAM vya kompyuta mpakato. Sharti la tatu ni uwezo wa mazabodi yenyewe: nyingine zina sloti mbili na nyingine nne, na kila moja ina kikomo cha GB inazoweza kutambua. Kuna pia vipande vya bei poa visivyoelewana na prosesa za Intel za miaka ya nyuma kwa sababu chipu zake ni za msongamano ambao prosesa hizo haziufahamu. Muuzaji mwaminifu atakwambia mapema. Wengine watakuacha ugundue nyumbani.

Halafu kuna RAM za seva. Vituo vya data vinapobadilisha mitambo, maelfu ya vipande vyenye rejista huingia sokoni kwa bei ya kushangaza. Kwa umbo, vile vya DDR3 na DDR4 vinafanana na vya kawaida, vinaingia kwenye sloti bila shida, na kompyuta ya kawaida haiwaki. Bei ya GB 16 ikiwa chini ya bei ya GB 8 kwenye meza ileile, ni vema kuuliza kwa nini kabla ya kufurahi.

Sharti la mwisho ni la programu. Windows ya biti 32 haiwezi kutambua zaidi ya GB 4, na kiasi kinachobaki kutumika, baada ya vifaa vingine kuchukua sehemu yake ya anwani, huwa kati ya GB 3.2 na 3.5. Bado zipo mashine za ofisini zilizowekewa toleo hilo miaka iliyopita na hazijaguswa. Mtu analipia GB 8, anawasha, anaona zilezile 3.4 na kumgombeza fundi. Mara nyingine fundi anastahili kugombezwa, kwani alipaswa kuangalia.

Na zipo kompyuta za mezani ambazo mjadala huu hauzihusu kabisa. Mac mini zote tangu ile ya chipu ya M1 mwaka 2020 zina kumbukumbu iliyounganishwa na prosesa. Hata Framework, kampuni iliyojijengea jina kwa mashine zinazotengenezeka, ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 2025 iliichomelea RAM kwenye mazabodi, ikieleza kwamba kasi ambayo prosesa yake inaihitaji haikupatikana kwa vipande vya kuchomoa. Uamuzi wa RAM kwa mashine hizo hufanywa siku ya kununua, basi.

Hoja ya pili: RAM haina kosa, badilisha diski

Wanaosema hivi wana ushahidi mzito. Kompyuta yenye GB 8 na diski ya kuzunguka huchukua dakika kuwaka kwa sababu Windows husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na kila faili hugharimu zile milisekunde 10. SSD ya SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde pale diski ya kawaida inapoishia 150 hivi, lakini faida kubwa zaidi iko kwenye faili hizo ndogo. Kuwaka, kufungua Word, kutafuta barua ya mwaka jana: yote hayo ni kazi ya diski, na RAM haiwezi kuyasaidia mara ya kwanza yanapofanyika.

SSD pia huficha upungufu wa RAM. Kuhamahama kunaendelea, lakini kila safari ni fupi mara mia, kwa hiyo mtumiaji haoni mgando. Hapa ndipo hoja inapodhoofika, maana kuficha si kutibu. SSD ina kikomo cha kuandikwa. Ya bei nafuu ya GB 240, kama Kingston A400, imekadiriwa kuhimili takriban TB 80 za kuandikwa. Kwa mtumiaji wa kawaida ni nyingi mno. Kwa mashine ya GB 4 inayohamisha data kutwa nzima, siku sita kwa wiki, ni sehemu ya uhai wa SSD inayoteketea bila faida. Aidha, kubadili diski kunadai kunakili mfumo mzima au kuuweka upya, na hapo ndipo faili za watu zinapopotea.

Ugomvi baina ya kambi hizi mbili ni wa bure kwa kiasi kikubwa. Mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka ana matatizo mawili, na akitatua moja ataona nafuu kubwa kiasi cha kuamini kwamba lilikuwa peke yake.

Hoja ya tatu: punguza mzigo

Hoja hii haigharimu kitu na kwa hiyo haina mtetezi dukani. Programu zinazojiwasha zenyewe na mashine zizimwe, antivairasi mbili zinazopigana zibaki moja, viongezo vya kivinjari vifutwe. Ofisi nyingi zinaweza kurejesha GB nzima kwa njia hii. Kwa anayeweza kuachana na Windows, Linux Mint huridhika na GB 2 na kupendekeza 4, ingawa kivinjari ndani yake kitakula kama kinavyokula popote.

Imani moja iondolewe hapa. Windows Vista ya mwaka 2007 ilikuja na ReadyBoost, njia ya kutumia flashi kama akiba ya kuisaidia diski ya kuzunguka, na tangu hapo watu wamekuwa wakifundishana kwamba flashi huongeza RAM. Haiongezi. Ilisaidia kidogo mashine zenye MB 512. Kwenye yenye GB 4 haionekani, na penye SSD Windows yenyewe huizima.

Kikomo cha kupunguza mzigo ni kazi yenyewe. Huwezi kumwambia mhudumu wa saiba afungue vichupo vitatu tu wakati foleni ya wateja iko mlangoni.

Hoja ya nne: iache, nunua nyingine

Kabla ya Oktoba 2025 hoja hii ilionekana kama tamaa ya wauzaji. Sasa ina uzito. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au baada yake. Hili linakata soko la mitumba karibu kabisa sambamba na kizazi cha RAM: karibu kila kompyuta ya mezani ya Intel yenye DDR3 iko nje ya orodha, pamoja na zile za kizazi cha 6 na cha 7 zinazotumia DDR4. Ukijaza GB 16 kwenye mashine ya mwaka 2012 utakuwa na mashine nyepesi isiyopokea marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa mpango wa nyongeza wa muda maalumu. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie, lakini Microsoft haizitambui na haiahidi kwamba masasisho yatafika.

Tatizo la hoja hii ni kwamba huihukumu mashine kwa umri badala ya kazi. Kompyuta ya kuandikia mitihani ambayo haiunganishwi na intaneti, au inayoendesha Linux, haidaiwi chochote na tarehe ya Microsoft. Wala mashine mpya si tiba ya moja kwa moja: zipo zinazouzwa leo na Windows 11 juu ya GB 4, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na mnunuzi atarudi kwa fundi ndani ya mwezi akiwa na lalamiko lilelile alilokuwa nalo kwa ile ya zamani.

Bei imebadilisha mizani

Karibu RAM yote ya dunia hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Vituo vya data vya akili unde vinahitaji kumbukumbu ya aina ya HBM, ambayo Micron yenyewe imeeleza kwamba hula takriban mara tatu ya sahani za silikoni ukilinganisha na DDR5 ya ukubwa uleule. Kila sahani inayokwenda huko imeondoka kwenye kompyuta zetu. Oktoba 2025 OpenAI ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni hizo mbili za Korea yanayolenga hadi sahani 900,000 kwa mwezi. Disemba mwaka huohuo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa iliyokuwa ikiwauzia watumiaji wa kawaida. Bei ya DDR5 katika masoko ya Marekani na Ulaya ilizidi maradufu ndani ya miezi michache, na DDR4, ambayo tayari wazalishaji walikuwa wakiipunguza, ikapanda nayo.

Kwetu, ambako RAM nyingi huingia ikiwa ndani ya mashine za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, athari yake haiko sawa kwa wote. Hoja ya RAM imedhoofika kwa mwenye DDR5 na kubaki na nguvu kiasi kwa mwenye DDR3, ambayo hakuna kituo cha data kinachoigombea. Hoja ya kununua nyingine nayo imepata sharti jipya: mashine ya mtumba ikaguliwe kabla ya malipo, kwa sababu kipande kimoja kikichomolewa njiani si rahisi tena kukirudisha kwa fedha ndogo.

Kasi na jozi

Vipande vingi huuzwa kwa namba kubwa: 3200, 6000, na taa za rangi. Kwa kazi za ofisini namba hizo zina thamani ndogo. Muda wa kipande chenyewe kujibu, ambao ni sehemu tu ya zile nanosekunde 100 za safari nzima, haujabadilika sana kwa vizazi: DDR4-3200 ya CL16 na DDR5-6000 ya CL30 zote hujibu kwa nanosekunde 10 zilezile, na kilichokua ni wingi wa data unaopita kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, vipande viwili vya kasi tofauti huenda kwa mwendo wa kile cha polepole, na kile cha kasi kubwa hakiifikii namba yake mpaka mpangilio wa XMP au EXPO uwashwe kwenye BIOS. Wengi wamelipia 6000 na wanatumia 4800 bila kujua.

Jozi ina maana zaidi. Vipande viwili katika chaneli mbili hupitisha data maradufu ya kimoja: DDR4-2400 hutoa GB 19.2 kwa sekunde ikiwa peke yake na 38.4 ikiwa na mwenzake. Kwenye Word hutaiona tofauti hiyo. Kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro, ambako michoro hukopa RAM, itaonekana wazi kwenye michezo na video. Ukichanganya GB 4 na 8, prosesa za Intel huunganisha GB 8 kwa jozi na kuiacha 4 ya mwisho iende peke yake, jambo lisilo na madhara. Ila kwa DDR5 kujaza sloti nne ni kosa la gharama: AMD inatamka rasmi kwamba Ryzen 7000 hushuka kutoka 5200 kwa vipande viwili hadi 3600 kwa vinne. Na mashine mpya ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ikijifunza RAM yake, kwa hiyo usiichomoe kwa hofu.

Kupima, kisha kuamua

Hoja zote nne hukutana mahali pamoja. Saa ya kazi nyingi kuliko zote, bila kufunga kitu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na uangalie mistari mitatu: kumbukumbu, diski na prosesa. Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 85 muda wote, na kiasi kilichoahidiwa kwa programu kimezidi RAM iliyopo, hoja ya kwanza imeshinda. Kumbukumbu ikiwa asilimia 55 na diski 100, imeshinda ya pili. Prosesa ikiwa 100 peke yake, RAM na SSD zote hazitasaidia sana. Anza na ya tatu, kisha ya nne. Kipimo kisichukuliwe asubuhi mara tu mashine inapowaka, kwa sababu wakati huo diski huwa na shughuli hata kwenye mashine nzima.

Kwa uzito wa yote, mwenye mashine ya kizazi cha 8 au zaidi iliyo na GB 4 au 8 hana sababu ya kusitasita. RAM ya ziada itamtumikia miaka mingi, hata kwa bei ya sasa. Mwenye DDR3 asivuke GB 8, na SSD anayonunua ichaguliwe kwa nia ya kuihamisha, kwani itaingia kwenye mashine ijayo ilhali RAM haitaingia. Kipande cha mtumba kipimwe usiku kucha kwa MemTest86. RAM mbovu haigandishi mashine tu. Huharibu faili kimyakimya zinapohifadhiwa, na uharibifu huo hufika hadi kwenye nakala za akiba. Huku pwani, ambako chumvi ya hewa hushika kwenye pini, mashine inayopiga honi bila kuwaka ichomolewe RAM yake na pini zisuguliwe kwa ufutio kabla mtu hajatangaza kwamba imekufa.

Shule na ofisi zina njia ambayo mtu binafsi hana. Maabara yenye kompyuta ishirini zinazotumia RAM ya aina moja, kila moja na GB 4 katika kipande kimoja, ina GB 80 zilizotawanywa vibaya. Mashine nane zilizo nje ya orodha ya Windows 11 zikistaafishwa na vipande vyake kuhamishiwa kwenye nane nyingine, maabara inapata mashine nane za GB 8 zenye jozi kamili, na nne zinabaki kwa kazi nyepesi, bila shilingi moja kutoka. Hesabu hiyo ifanywe kabla zabuni haijaandikwa.